Umeambiwa una fibromialjia na unataka kuanza vitamini? Anza hivi

Fibromialjia, au fibro kwa kifupi, ni ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoisha, pamoja na uchovu na usingizi mbaya. Swali ninaloulizwa ni lile lile, linabadilika maneno tu. "Nimeambiwa nina fibromialjia, ninywe vitamini gani?" Kesho yake mwingine anauliza magnesiamu ipi ni nzuri, halafu wa tatu tayari ana makopo sita kabatini na anauliza la saba. Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo naandika yote hapa, na mwenzio akikuuliza na we utampa hii.

Mimi sio daktari. Ni mgonjwa, mwaka wa tisa sasa, na makosa mengi utakayoyasoma hapa chini nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Kitu kimoja kabla hatujaanza, maana ukilikosa hili mengine yote utayaelewa kombo. Hamna kidonge cha vitamini kinachoponya fibromialjia. Hata wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo walipotoa miongozo yao mwaka 2016, kitu pekee walichokisisitiza kwa nguvu zote ni mazoezi. Saplimenti, yaani vitamini na madini ya makopo, zina kazi mbili tu: kuziba upungufu ambao unakuongezea maumivu na uchovu juu ya ule ulionao, na kujaribu kitu kimoja kimoja uone kama mwili wako unakipokea. Basi. Ukiuziwa kopo la "kumaliza fibro kabisa" funga pochi uondoke.

Vya kuwa navyo kabla hujameza chochote

- Majibu ya vipimo vya damu (hatua ya 2 nimeeleza vipi)
- Orodha ya dawa zote unazotumia, za daktari, za kununua mwenyewe, na za mitishamba pia, usizifiche
- Makopo yote ya vitamini uliyonayo ndani, hata lile lililobaki vidonge vitatu
- Daftari na kalamu, au simu kama wewe ni mtu wa kuandika kwenye simu
- Daktari au mfamasia wa kumuuliza
- Miezi mitatu minne ya subira, na hii ndo ngumu kupata

Kama una ujauzito, unanyonyesha, figo zako zina shida, unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin, au una upasuaji karibuni, usianze peke yako kwa kusoma hapa. Soma, kisha ipeleke kwa daktari.

Hatua ya 1: Makopo yote mezani, geuza usome nyuma

Mbele ya kopo ni tangazo, ukweli uko nyuma kwa maandishi madogo. Chukua karatasi, andika kila kitu kilichomo kwenye kila kopo na kiasi chake kwa siku, halafu jumlisha vinavyojirudia. Utashangaa.

Mimi nilianza kuungua nyayo usiku, ganzi kwenye vidole vya miguu, kama sisimizi wanatembea ndani ya ngozi. Nikasema hii ni fibro imepanda. Nikaongeza vidonge vya "neva", vile vyenye B1, B6 na B12 pamoja, viwili kwa siku, na nikazidi kuungua. Ilichukua miezi mpaka mfamasia mmoja akageuza kopo akaniuliza, "Dada, hii B6 miligramu 200 kila kidonge, unameza viwili, na multivitamini yako ina B6, na magnesiamu yako pia wameichanganya na B6, umewahi kujumlisha?" Sikuwahi. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaumiza neva zenyewe, yaani inaleta kile kile unachokimbia. Marekani kikomo cha mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku, Ulaya mwaka 2023 walishusha mpaka 12. Mi nilikuwa nameza zaidi ya 400. Nilivyoacha, ganzi iliondoka taratibu sana, karibu mwaka.

Kwa hiyo kama unaungua miguu na una kopo la neva nyumbani, anzia hapo kabla hujalaumu ugonjwa.

Hatua ya 2: Pima, usibahatishe

Muombe daktari hivi: vitamini D (kipimo kinaitwa 25-hydroxyvitamin D), B12, feritini (inaonyesha akiba ya chuma mwilini) pamoja na picha kamili ya damu, TSH ya tezi ya shingo, kalisi, na kreatinini ya figo. Sababu ni rahisi, upungufu wa vitamini D unaleta maumivu ya mifupa na misuli, B12 ikishuka unapata ganzi na kusahausahau, chuma kikishuka unachoka mpaka ngazi tatu zinakushinda, tezi ikilala ni hivyo hivyo. Vyote vinafanana na fibro na vinaweza kukaa pamoja na fibro kwa mtu mmoja.

Angalizo ambalo wengi hawaambiwi: kama unatumia vitamini za nywele na kucha, zina biotini nyingi, na biotini inavuruga baadhi ya vipimo hasa vya tezi. Majibu yanatoka ya uongo. Acha siku mbili tatu kabla ya kutolewa damu na mwambie anayekupima kwamba ulikuwa unatumia.

Majibu yakitoka omba karatasi yenyewe, usiridhike na "uko sawa". Tunza, utayahitaji kulinganisha.

Hatua ya 3: Wiki mbili za daftari, bila kubadilisha kitu

Najua hapa ndo watu wanaruka. Usiruke. Kila jioni andika namba nne toka 0 mpaka 10: maumivu, ubaya wa usingizi, uchovu, na ule ukungu wa kichwani. Pembeni andika ulichofanya siku hiyo, maneno mawili matatu. Ukurasa wangu mmoja unasema hivi: "Jumanne. Maumivu 5, usingizi 7 niliamka mara nne, uchovu 6, kichwa 5. Nilifua." Jumatano maumivu 8. Ningekuwa nimeanza kidonge kipya Jumatano asubuhi ningekitukana kidonge, kumbe ni ndoo za maji.

Fibro inapanda na kushuka yenyewe. Ndio maana mtu anameza kitu siku mbaya, siku tatu baadae anajisikia nafuu ambayo ingekuja tu, anakisifia maisha yake yote. Bila hizi wiki mbili huna cha kulinganisha nacho.

Hatua ya 4: Anza na mapengo yaliyoonekana kwenye damu

*Vitamini D.* Chini ya nanogramu 20 kwa mililita wengi wanaita upungufu. Kama maabara yako inatumia nanomoli kwa lita, hiyo 20 ni sawa na 50, usije ukafurahi bure kwamba una 45. Austria waliwahi kujaribu kwa wagonjwa 30 wa fibro, wanawake, ambao vitamini D yao ilikuwa chini, matokeo yakatoka 2014, na waliopandishiwa kiwango maumivu yalipungua. Ni jaribio dogo na ni kwa waliokuwa na upungufu. Kama yako iko vizuri, kuongeza juu yake usitegemee maajabu.

Tafuta D3. Dozi ya kawaida ya kuendelea nayo ni IU (kipimo cha kimataifa cha vitamini) 1000 mpaka 2000 kwa siku, na usivuke 4000 bila daktari. Makopo mengine wanaandika mikrogramu, hapo kumbuka mikrogramu 25 ndio IU 1000. Imeze na chakula chenye mafuta, inafyonzwa vizuri zaidi. Pima tena baada ya miezi mitatu.

Kosa linalojirudia kila siku: daktari anakuandikia kile kidonge cha IU 50,000 cha mara moja kwa wiki, we unakimeza kila siku kwa sababu vitamini hazidhuru. Hii inadhuru. Inapandisha kalisi kwenye damu, unapata kichefuchefu, kiu, mkojo kila saa, choo kigumu, na figo zinaweza kuharibika. Andika siku ya kumeza kwenye kopo kwa kalamu nene.

*B12.* Walio kwenye hatari zaidi ni wasiokula nyama, mayai wala maziwa, wanaotumia metformin ya kisukari kwa miaka, wanaotumia omeprazole na ndugu zake, dawa za kupunguza asidi tumboni, kwa muda mrefu, na waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Ikiwa chini kidogo, vidonge vya mikrogramu 1000 vinawasaidia wengi. Ikiwa chini sana na una ganzi au unayumba ukitembea, hiyo ni sindano na ni haraka, usisubiri. Na usinywe foliki asidi (vitamini B9) peke yake kwa dozi kubwa wakati B12 haijulikani, inarekebisha damu ionekane nzuri huku neva zinaendelea kuumia kimya kimya.

*Chuma.* Hii usiiguse bila kipimo, mwili hauna njia nzuri ya kutoa chuma kilichozidi. Feritini ndogo inaendana pia na ile miguu isiyotulia usiku, ambayo wengi wetu tunayo. Ukiandikiwa, meza bila chai wala kahawa karibu. Siku hizi madaktari wengi wanaruhusu kumeza siku moja na kuruka moja, mwili unafyonza vizuri na tumbo halilalamiki sana, uliza kama na wewe inakufaa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope, ila kikiwa cheusi cha kunata kama lami na kinanuka vibaya nenda hospitali. Na ficha mbali na watoto, chuma kinaua mtoto.

Hatua ya 5: Magnesiamu, kwa utaratibu

Hii ndo inapendwa kuliko zote. Ushahidi wake kwa fibro ni wa katikati tu, lakini kwa mtu mwenye misuli iliyokaza na choo kigumu nadhani inastahili jaribio, ilimradi figo ziko salama. Figo zikiwa dhaifu magnesiamu inajaa kwenye damu na hiyo ni hatari ya moyo.

Aina zinachanganya watu. Ikiandikwa *oxide* ni rahisi kupatikana ila inafyonzwa kidogo na nyingi inaishia chooni. *Citrate* inafyonzwa vizuri na inalainisha choo, nzuri kama choo ni kigumu. *Glycinate* ni laini kwa tumbo, ndo mi natumia. *Malate* inauzwa sana kwa jina la fibro, ila jaribio lake la miaka ya 90 kwa dozi ndogo halikuonyesha tofauti na kidonge kisicho na dawa ndani, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya hilo jina.

Halafu soma namba kwa makini. Kopo likisema "magnesium glycinate 1000 mg" hujapata magnesiamu 1000, umepata kama 140, iliyobaki ni ile iliyoshikana nayo. Tafuta mstari unaosema magnesiamu yenyewe ni kiasi gani.

Anza na miligramu 100 jioni na chakula, wiki moja. Tumbo likikubali panda 200. Ulaya kikomo cha kutoka kwenye vidonge ni 250 kwa siku, Marekani 350. Ukianza kuharisha mwili umeshasema inatosha, rudi nyuma.

Na usimeze pamoja na dawa nyingine hovyo. Gabapentin, dawa ya maumivu ya neva, ipe nafasi ya saa mbili. Dawa ya tezi, levothyroxine, saa nne, na chuma na kalisi pia ziweke mbali nayo hivyo hivyo. Antibayotiki kama doxycycline na ciprofloxacin, uliza mfamasia kabisa, maana magnesiamu inaishika dawa tumboni na unabaki na maambukizi yako.

Hatua ya 6: Kama shida kubwa ni usingizi

Melatonini, homoni ya usingizi, imefanyiwa majaribio madogo kwa wagonjwa wa fibro na baadhi walilala vizuri na maumivu yakapungua kidogo. Nchi nyingine inauzwa wazi, nyingine ni mpaka karatasi ya daktari, fuata ya kwako. Anza chini kabisa, miligramu 0.5 au 1, saa moja au mbili kabla ya kulala, na usiione kama inaongezeka nguvu ukimeza nyingi, wengi wakimeza nyingi wanaamka na kichwa kizito. Usichanganye na pombe wala dawa nyingine za usingizi, na usiendeshe gari baada ya kumeza.

Epuka za jeli za kutafuna. Marekani mwaka 2023 watafiti walipima bidhaa 25 za aina hiyo, 22 hazikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na moja haikuwa na melatonini kabisa! Chagua makopo yenye muhuri wa wapimaji wa nje kama USP au NSF.

Hatua ya 7: Ukitaka kwenda mbali zaidi

CoQ10, kitu kinachosaidia seli kutengeneza nguvu. Hispania walijaribu kwa wagonjwa 20, miligramu 300 kwa siku kwa siku 40, uchovu na maumivu vikapungua. Watu 20 ni wachache sana, lakini haina madhara makubwa kwa wengi. Ni ghali, kwa hiyo iache mwisho. Imeze asubuhi na chakula chenye mafuta, wengine ikimezwa usiku hawalali. Kama uko kwenye warfarin, usijaribu bila daktari.

Omega-3, manjano ya vidonge, na hivyo vingine, sina la kusema sana. Havikunifanyia kitu, na vikiwa dozi kubwa vinaweza kuongeza kutokwa damu.

Hatua ya 8: Hivi usiviguse kama uko kwenye dawa

5-HTP, SAMe, L-tryptophan, na mmea unaoitwa St John's wort. Vyote vinachezea serotonini mwilini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva. Sasa angalia dawa tunazoandikiwa: duloxetine, milnacipran, amitriptyline, fluoxetine, tramadol, nazo zinachezea serotonini hiyo hiyo. Ukivikutanisha serotonini inaweza kupita kiasi: kutetemeka, jasho, moyo mbio, misuli kurukaruka, kuharisha, homa, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura, nenda hospitali na makopo yako mkononi.

L-tryptophan ina historia yake pia. Mwaka 1989 Marekani shehena iliyochafuliwa kiwandani iliwafanya zaidi ya watu 1,500 waugue, na dalili kubwa ilikuwa maumivu makali ya misuli. Yaani mtu anameza kitu ili apate usingizi anaishia na misuli inayouma kuliko ya kwetu.

Hatua ya 9: Kimoja kwa wakati, kisha amua

Anza kitu kimoja, kaa nacho wiki 6 mpaka 8 (vitamini D na chuma ni mpaka kipimo kirudiwe), endelea na daftari. Mwisho linganisha wastani wa wiki mbili za mwisho na zile mbili za mwanzo. Kama maumivu yalikuwa 6 na sasa ni 6, acha, hata kama kopo lilikuuma mfukoni. Kama yameshuka mpaka 4, acha pia kwa wiki mbili uone kama yatapanda, yakipanda umepata chako. Hapa nasema saplimenti za kujaribu tu, sio upungufu uliothibitishwa kwenye damu, na kamwe sio dawa za daktari. Duloxetine na pregabalin haziachwi ghafla.

Mambo yakikwama

*"Nimeanza vitatu kwa pamoja na najisikia vizuri, nifanye nini?"* Toa kimoja kila wiki mbili tatu. Kile ukikitoa unazorota ndicho kinachofanya kazi. Vingine umeokoa pesa.

*"Nimeanza na naumwa zaidi."* Angalia daftari kwanza, ulifanya nini jana na juzi? Kama hamna la kueleza, acha siku saba, ukitulia jaribu tena nusu dozi. Ikirudi hivyo hivyo, hicho sio chako. Ila kama ni vipele, uvimbe wa uso au kupumua kwa shida, hamna kujaribu tena, ni hospitali.

*"Kichefuchefu kila nikimeza."* Meza na chakula, sio tumbo tupu. Chuma na multivitamini ndo wakorofi wakubwa hapa.

*"Vitamini D haipandi miezi mitatu imepita."* Je unaimeza kweli kila siku? Na chakula chenye mafuta? Kama ndiyo, mwambie daktari, kuna matatizo ya utumbo kufyonza, na baadhi ya dawa za kifafa zinaishusha, na watu wenye mwili mkubwa mara nyingi wanahitaji dozi ya juu.

*"Nasahau kumeza."* Ukungu huo huo, tuko wengi. Kisanduku cha vidonge chenye siku saba, kikae karibu na mswaki. Usimeze mara mbili kufidia ya jana.

*"Viungo vyangu vimevimba na asubuhi vinakaza kwa saa nzima," au homa isiyoisha, unapungua uzito bila sababu, mguu au mkono unaishiwa nguvu, mkojo au choo kinatoka bila kujua.* Hii sio kazi ya kopo lolote lililotajwa hapo juu na wala usiiite fibro. La mkojo na la mguu kuishiwa nguvu nenda leo leo, hayo mengine wiki hii, na daftari lako ubebe.